Nyumba tupu Mbeya, mkononi nina 1.8M: naanza na samani ipi ili nisiumie?

Mama_Dori

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu na hiki kibaridi cha asubuhi. Naombeni ushauri wa dhati kabisa maana nimeanza kukosa usingizi kwa jambo ambalo lilitakiwa liwe furaha. Tumehamia Mbeya juzi juzi tukitokea Songea, mume wangu kahamishwa kikazi, tumepata nyumba ya kupanga huku Uyole, vyumba viwili, sebule na jiko la ndani, nyumba nzuri tu ila ndo tupu kabisa maana vitu vikubwa tuliviacha kwa ndugu, gharama ya gari la kuvileta ilikuwa inakaribia thamani ya vitu vyenyewe. Tulichokuja nacho ni vyombo, jiko la gesi, tv ya inchi 32, nguo, na godoro la futi 4 kwa 6 ambalo sasaivi tunalala watatu, mimi na baba na mtoto wa miaka mitatu, chini kwenye sakafu, na baridi ya huku mnaijua.

Hela tuliyotenga ni milioni moja na laki nane na hakuna nyingine inayokuja karibuni. Nimezunguka Mwanjelwa, nikaenda Kabwe, nikaenda Soweto, nikarudi kwa mafundi wa barabarani huku huku, yani kila nikitoka nazidi kuchanganyikiwa. Dukani kochi la L wananitajia milioni na nusu, nikibembeleza sana moja na laki tatu. Fundi mmoja seti ya watu saba laki nane na nusu, banda linalofuata laki sita, na kwa macho yangu kochi ni lile lile. Kitanda cha mninga 6 kwa 6 laki sita, cha paina laki mbili na nusu. Afu kuna jirani ananishawishi nikope kwa wale wa kausha damu nijaze nyumba mara moja nilipe kidogo kidogo, na mama mkwe anakuja mwezi wa kumi na mbili kwa iyo mume anataka sebule iwe imekaa vizuri kabla hajafika.

Mngekuwa nyie mngeanza na nini? Na mtu ambae hajui mbao anajuaje kwamba hapigwi?

DadaWaSoweto

Dada karibu sana Mbeya. Mimi nakwambia kama ndugu yako, hiyo kausha damu usiiguse kabisa. Wanakupa laki tano leo, marejesho ni ya kila siku au kila wiki na riba yake haielezeki, ukichelewa wanakuja kubeba hilo hilo kochi ulilonunua pamoja na tv na jiko la gesi ulivyokuja navyo. Nimeona nyumba ya jirani yangu ikibebwa vitu mchana watu wanaangalia na watoto wapo mlangoni, sitaki hata kukumbuka. Samani sio dharura ya hospitali, hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukaa kwenye mkeka.

Pili, anza na kulala. Watu wote watatu mnalala chini kwenye sementi na hii ni Uyole, hapo ndo hela ya kwanza inakoenda, kitanda na godoro zuri. Mtu aliyelala vizuri ndo anaweza hata kubishana bei na fundi akili ikiwa imetulia. Sebule tandika mkeka na zulia la bei ya kawaida, weka mito, nunua viti vya plastiki vinne, tv weka juu ya kimeza chochote, maisha yanaenda. Hivyo viti vya plastiki hata ukija kununua makochi havipotei, vinaenda jikoni na nje wageni wakizidi.

Tatu, kabla hujatoka tena kwenda madukani chukua tepu upime. Pima chumba, pima mlango wa kuingilia, pima na ile kona ya korido. Milango mingi ya nyumba zetu ni sentimita 80 au 90, na kochi la watu watatu likiwa limenona mgongo na mikono linafika 90 bila shida, sasa litapitaje? Ukishapima chora kwa chaki sakafuni ukubwa wa hicho kitanda au hilo kochi, halafu tembea, fungua mlango, fungua dirisha, mtoto akimbie. Kitanda cha 6 kwa 6 kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 kinakula chumba, ukiweka na kabati unapita kiubavu. Cha 5 kwa 6 watu wawili mnalala freshi kabisa na godoro lake ni la bei nafuu pia. Hii chaki itakuokoa kuliko ushauri wowote, maana dukani ukumbi ni mkubwa kila kitu kinaonekana kidogo.

Seremala_Mafinga

Kamwene mama, mimi ni fundi niko Mafinga, kazi hii ndo inanilisha kwa iyo naongea kwa faida yako sio kuharibia wenzangu.

Kuhusu laki nane na nusu na laki sita kuwa kochi lile lile, sio lile lile, tofauti ipo usipoiona. Kochi lina vitu vitatu, fremu, sponji na kitambaa, mteja anaona kitambaa tu. Ndani ya kitambaa mtu anaweza kuweka mbao za mkaratusi zilizopasuliwa wiki iliyopita, bado zina maji, au hata vipande vya mabanzi amegongelea misumari. Mkaratusi mbichi ukikauka unapinda na kupasuka, misumari inalegea, baada ya miezi kadhaa kochi linaanza kulia ukikaa. Sponji nayo kuna ile nzito na kuna nyepesi, na kuna ya chenga zilizogandishwa. Kaa kwenye kochi, jibonyeze na kiganja karibu na ukingo, kama unaisikia mbao hiyo sponji ni ya kumaliza oda tu. Simama uangalie, kama shimo linabaki pale ulipokaa basi mwaka hauishi.

Dawa yake ni moja, mwambie fundi unataka kuiona fremu kabla hajaivalisha kitambaa. Fundi anayejiamini atakuita mwenyewe. Akianza kusema usijali mama kazi yangu naijua, muage kwa heshima uende zako.

Sasa mbao. Huku kwetu paina ni nyingi kwa sababu ya Sao Hill hapa Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya serikali, na Njombe nako watu binafsi wamepanda sana. Watu wanaidharau paina wanasema mbao ya kupaulia. Sio kweli. Paina iliyokomaa na kukauka inatoa kitanda kizuri na kabati zuri, tatizo lake ni laini, ukigongesha kitu inabonyea, na ikiwa haijakauka inajikunja. Mninga wenyewe unatoka kwenye misitu ya asili, Chunya na huko Katavi na Tabora, unakaa miaka na miaka na haupindi ovyo, ndo maana bei iko juu. Ila uangalie mambo mawili. Kwanza kuna paina inapakwa rangi ya mninga, mteja anaondoka kifua mbele. Kigeuze kitanda, chungulia chini na kwenye pembe za ndani ambako brashi haikufika vizuri, ukiona mbao nyeupe yenye vifundo hiyo ni paina, ilipe bei ya paina. Pili mninga wenyewe una ile sehemu ya nje nyeupe, karibu na gome, hiyo bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, wanaipenda sana. Fundi mwaminifu anaiondoa, mwingine anaiacha ili mbao isipungue halafu anaifunika kwa vanishi nzito. Na mbao ya mninga iliyopita kihalali inakuwa imegongwa nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ina karatasi zake, ya bei ya kutupa isiyo na karatasi achana nayo.

Kujua mbao kavu wala huhitaji mashine. Ishike. Mbichi ni nzito kuliko unavyotegemea, ina ubaridi fulani hata kama kuna jua, na ukiipitisha msasa vumbi linagandana badala ya kuruka. Angalia kichwa cha mbao, ukiona kile kiini cha katikati ya mti kipo ndani ya mbao hiyo usiikubali kwa mguu wa kitanda wala fremu ya mlango wa kabati, itajinyonga tu.

mdau_Ipogolo

Mimi niko Iringa ila hii naona inafanya kazi mji wowote wenye ofisi nyingi za serikali na vyuo. Nunua kwa watu wanaohama. Mtumishi akipata uhamisho wa ghafla kwenda labda Mtwara hawezi kubeba kabati la milango mitatu, kochi na meza ya chakula, anauza kwa nusu bei au chini yake, na vitu vyenyewe vingi vilitengenezwa kwa mbao zilizoshiba. Nyie wenyewe si mmeviacha Songea kwa sababu hiyo hiyo. Uliza kazini kwa mume wako, kanisani au msikitini, kwenye magrupu ya wasapu ya mtaa, na madalali wa nyumba maana wao ndo wa kwanza kujua nani anatoka.

Kitu kizuri cha samani iliyotumika ni kwamba mbao imeshakauka, kama ilikuwa ya kupinda imeshapinda, unaona kila kitu. Ila usinunue usiku na usinunue kwa picha. Nenda mchana na tochi ya simu, vuta droo zote, fungua milango, angalia chini. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo na unga mweupe mweupe kama wa ngano umemwagika chini yake, hapo bungua bado wako kazini, usiingize ndani kwako maana watahamia kwenye vitu vingine. Kochi linuse kabisa, usione aibu, na ingiza mkono kwenye zile kona za mito, kunguni wanakaa hapo. Godoro lililotumika mimi hata bure sichukui.

Chifu_wa_Kabwe

Wakuu kwa heshima zote mimi napingana kidogo na huu ushauri wa kununua kimoja kimoja. Hela haikai. Leo anayo 1.8, mwezi ujao kuna msiba Songea, kuna ada, kuna mgonjwa, ikifika Disemba hana hela na hana makochi. Mimi ningesema anunue vyote vya muhimu ndani ya wiki hii, aende sehemu moja kwa fundi mmoja aombe punguzo kwa kuchukua vitu vingi, kitanda, kochi, kabati na meza, watakubaliana na anapumzika. Mambo ya kuzunguka kila jumamosi nayo yanachosha na nauli za bajaji zinakula hela.

DadaWaSoweto

Chifu hapo kwenye hela kutokukaa nakuunga mkono asilimia mia, lakini fundi mmoja apewe vitu vinne na advansi ya karibu milioni? Akiyumba yeye umeyumba na nyumba nzima. Kuna mama hapa mtaani aliacha kianzio cha laki saba, kila akienda banda linafunguliwa na kijana wa kupiga msasa, fundi mwenyewe yuko safari. Nampinga kaka yangu kwa hilo tu.

Seremala_Mafinga

Chifu kaongea jambo la msingi na jibu lake lipo, wazee wetu huku wanalitumia sana. Hela igeuze mbao. Mama Dori sasaivi ni mwezi wa nane, kiangazi, mbao zinakauka vizuri, mvua kwenu zinaanza kwenye Novemba huko na zikishaanza kupata mbao kavu ni kazi. Ukikaa na fundi mkakubaliana unataka nini, mwambie akuandikie mbao zinazohitajika kwa vipimo, ngapi za inchi 2 kwa 4, ngapi za 1 kwa 8, ngapi za 2 kwa 6, zote za futi 12. Nenda nae au nenda na mtu anayejua ukanunue mwenyewe, chukua risiti, zipeleke nyumbani kwako. Zipange kwenye baraza au chumba kisicho na kitu, chini weka matofali, kati ya mbao na mbao weka vijiti hewa ipite, zisipigwe jua moja kwa moja maana vichwa vitapasuka. Hiyo hela haiwezi kukopwa na shemeji wala kwenda kwenye mchango wa harusi, na kila wiki inayopita mbao inazidi kuwa nzuri. Fundi unamlipa ufundi, vanishi na gundi, na hapo huwezi kuletewa mkaratusi mbichi kwa sababu mbao ni zako na unazijua. Ziandike jina kwa chokaa au kalamu ya rangi kabla hazijaenda bandani kwake.

Malipo ya ufundi usitoe yote. Toa kidogo ya kuanzia, nyingine ukiona kazi imeunganishwa haijapakwa kitu, ya mwisho ikishafika ndani kwako. Na muungano uangalie hapo hapo kabla ya vanishi, mguu na ubavu wa kitanda unatakiwa ulimi wa mbao uingie kwenye tundu na gundi, sio misumari miwili imepigwa kiubavu. Kwa kuwa mmepanga na mtahama tena, mwambie kitanda na kabati viwe vya kufunga kwa bolti. Ndo maana mimi MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa, kwa mpangaji simshauri, inapendeza sana dukani lakini ukifungua skrubu mara ya pili tundu halishiki tena, na ikilowa kidogo pale chini unapodeki inavimba haikai sawa tena. Ukiipenda sana ichukue kwa kitu kisichohamishwa mara kwa mara na kisichogusa maji.

Ya mwisho kwa leo, asikupakie vanishi asubuhi na ukungu wa Mbeya. Unyevu ukiingia inatoka na weupe kama ukungu kwenye kioo. Asubiri jua litoke vizuri.

Bibi_wa_Tukuyu

Ugonile mwanangu. Nimesoma yote mmesema vizuri, naongezea moja tu la huyo mama mkwe, maana mimi ni mama mkwe wa watu. Mnahangaika na sebule, sebule, sebule. Mwanangu mimi nikija kwa mkwe wangu natoka safari ya siku nzima kwenye basi, miguu imevimba, kitu ninachotazama ni nitalala wapi. Nikilazwa kwenye kochi la milioni na nusu sebuleni watoto wanawasha tv mpaka saa tano, kesho yake nitataka kurudi kwetu. Nikipewa chumba, kitanda cha kawaida cha paina, shuka safi na blanketi mbili nzito, maji ya moto ya kuoga, nitakaa mwezi na nitakusifia mpaka ukoo wote wajue. Hilo godoro lenu la 4 kwa 6 litafutieni kitanda chake, liwe chumba cha pili, mtoto alale na bibi yake. Baba Dori mwambie nimesema mimi.

Mama_Dori

Jamani nimelia kidogo hapa, Mungu awabariki. Bibi nimemsomea mume ujumbe wako akacheka afu akanyamaza, baadae kasema kweli mama mgongo unamsumbua hawezi kulala kwenye kochi.

Tumekaa jana usiku tukapiga hesabu upya. Kitanda cha 5 kwa 6 cha paina tumekadiria laki mbili na nusu mbao na ufundi, godoro jipya la inchi 8 laki mbili na themanini, kitanda cha 4 kwa 6 cha chumba cha pili laki na themanini, hapo tuko laki saba na kumi na wote tunalala juu. Kabati la nguo tutatafuta la mtu anayehama tusivuke laki mbili na nusu. Makochi tumeachana na L, nilichora kwa chaki kama Dada alivyosema, lilikuwa linaziba nusu ya mlango wa korido. Tutatengenezesha ya watu watano, mbao tunanunua wenyewe mwezi huu zikae mpaka wa kumi, tumeweka laki tano na nusu. Jumla ni milioni moja laki tano na kumi, inabaki laki mbili na tisini ya kirikuu, mazulia na dharura. Mume mwanzo alikuwa na wasiwasi sebule itaonekana tupu lakini kakubali.

Fundi wa Mafinga swali moja la mwisho, kitambaa. Nina mtoto na huku kiangazi vumbi ni balaa, hizi velveti wanazosifia zinafaa? Na chaga za kitanda niweke ngapi, maana Songea zilikuwa zinavunjika kila mara.

Seremala_Mafinga

Velveti inapendeza ila inashika vumbi na alama za vidole, kwa mtoto wa miaka mitatu chukua kitambaa kigumu cha kufumwa, rangi ya kahawia au kijivu iliyochanganyika, na mwambie fundi mito ya kukalia iwe na zipu uvue ufue. Ile leza ya plastiki, yani ngozi bandia, kwa baridi ya Mbeya asubuhi utakuwa unaikwepa, na inaanza kubanduka kwenye mikono.

Chaga usihesabu idadi, angalia nafasi. Kati ya chaga na chaga kiganja chako kisipite kwa mapana, na unene uwe inchi nzima baada ya randa. Kinachovunja chaga mara nyingi ni kukosa mhimili wa katikati, kwa iyo kwenye cha 5 kwa 6 dai mbao moja ya 2 kwa 4 ipite katikati kwa urefu wa kitanda na iwe na mguu wake unaogusa sakafu. Godoro nalo litadumu zaidi maana halizami kati ya chaga.

Makubaliano yote mtumie fundi kwa meseji, vipimo, aina ya mbao, sponji, kitambaa, bei ya ufundi na tarehe, na yeye ajibu nimekubali. Oda ya makochi ipeleke mapema mwezi wa kumi usisubiri Novemba, Disemba mabanda yote yanajaa oda za sikukuu.

mdau_Ipogolo

Kuhusu kabati, kuna rafiki yangu hapo Forest anasema kuna familia inahama mwisho wa mwezi, wana la milango miwili la mninga. Nimekutumia ujumbe pembeni, nendeni mchana mkalione kwanza, na msitume hela yoyote kabla hamjavuta droo zote.